Salamu Zilizolaza Watu Kifudifudi

Historia ya Nyamasaria ina mafuriko, ina kampeni za uchaguzi, na ina siku ile fahali alipoingia saluni na kukataa kutoka. Lakini haikuwa bado na mtu aliyewalaza watu wazima kifudifudi kwenye sakafu ya saruji, mchana kweupe, kwa sababu ya kumheshimu mama mkwe. Nafasi hiyo ilikuwa wazi. Joram akaijaza.

Ilikuwa Jumamosi, ndani ya ghala la zamani la mpunga lililoko karibu na Ahero, ambalo siku hizi ni uwanja wa klabu ya kulenga shabaha. Shabaha za karatasi zimepangwa ukutani upande mmoja. Upande wa pili kuna meza ndefu, na mbele ya meza mstari mwekundu ambao mlengaji husimama nyuma yake. Sheryl, binti wa Joram, alikuwa amechaguliwa kwenda Nairobi kwenye mashindano ya vijana ya bunduki za upepo. Furaha nyumbani ilikuwa kubwa mpaka iliposomwa sheria ya klabu: mlengaji ambaye hajafika miaka kumi na minane hasafiri bila mzazi aliyefaulu mtihani wa usalama. Mama yake, Dorca, alikuwa fundi wa kushona sare za shule, na mashindano yaliangukia wiki ile ambayo kila mzazi wa Nyamasaria hukumbuka ghafla kwamba mtoto wake amerefuka. Kwa hiyo mzazi wa kusafiri alikuwa Joram.

"Mtihani wa bunduki ya upepo?" Joram alisema akicheka. "Mimi nimeongoza mazishi ya watu elfu mbili, mvua inanyesha, na jenereta imekufa. Hii ni upepo tu!"

Ni kweli. Joram alikuwa MC. Hakuna harusi wala msiba kutoka Nyalenda hadi tambarare za Kano ambao hakuwahi kuushikia kipaza sauti. Kulikuwa na mtu mmoja tu duniani aliyeweza kumnyamazisha, naye ni Mama Atieno, mama mzazi wa Dorca. Kwa Wajaluo mama mkwe huitwa maro, na maro si mtu wa kuchezewa. Humpi mgongo. Humzibi njia. Humpazii sauti. Akitokea, unageuka kumwelekea, unainama, unasogea kando, na unaongea kama mtu aliye ndani ya maktaba.

Mwalimu wa klabu, Bi Zuleha Saleh, mwanamke mdogo wa mwili mwenye sauti ya chini, alimkabidhi Joram bunduki. Wazazi wengine walikuwa wameketi kwenye viti nyuma yake wakingoja zamu zao, na Sheryl akiwa kati yao.

"Pakia," Bi Zuleha alisema.

Joram akapakia. Hakukosea. Akanyanyua bunduki kuelekea shabaha kwa heshima zote, na hapo ndipo mlango wa nyuma ulipofunguliwa. Mama Atieno, ambaye nyumba yake iko karibu kabisa na ghala lile, alikuwa amekuja kumtazama mjukuu wake.

Mwili wa Joram haukungoja ushauri wa kichwa. Uligeuka kumwelekea mkwe. Ukainama. Ukasogea kando kumpisha. Na mikononi mwa mwili huo ilikuwemo bunduki yenye risasi, ambayo nayo iligeuka, ikawapitia wazazi wote mmoja baada ya mwingine kama mchungaji anayebariki waumini.

"Acha! Kidole nje ya triga! Chini, kila mtu!" Bi Zuleha aliamuru.

Viti vikaanguka. Wazazi wakalala. Sheryl akalala. Mhasibu mmoja mnene kutoka mjini akaingia chini ya meza ya chai akatoka upande wa pili na sukari kichwani. Joram alipoona watu wameinama namna ile, kwa mazoea ya kazi yake alidhani yameitishwa maombi. Akainamisha kichwa akafumba macho.

Upande wa viti, Mama Atieno peke yake ndiye aliyebaki amesimama. Alitazama migongo iliyotandazwa mbele yake, akatikisa kichwa polepole kwa kuridhika.

"Watoto wa hapa," alisema, "wamelelewa vizuri."

Bi Zuleha alimfikia Joram, akaushika mtutu na kuuelekeza ukutani, akamwondolea bunduki mikononi bila neno. Neno lilikuja baadaye, na lilikuwa moja.

"Umeanguka."

*

Habari ilifika Nyamasaria kabla Joram hajashuka garini. Alipopita mbele ya kinyozi wake, Sydney, wateja watatu waliokuwa wakingoja waliteleza kutoka kwenye benchi wakalala chini kwa mpangilio mzuri. Wa nne, aliyekuwa amenyolewa nusu kichwa, aliomba radhi kwamba angelala akimaliza.

"MC!" Sydney aliita. "Leo umetusalimia na nini?"

"Cheka tu, omera, ndugu yangu. Utanyoa nywele zangu tena wewe?"

"Nitakunyoa. Lakini hiyo mikono yako iache nje kwanza."

Jumatatu alikuwa na mazishi Nyalenda. Alipoinua kipaza sauti kumkaribisha chifu, mzee mmoja wa mstari wa mbele alijifunika kichwa kwa kofia, na waombolezaji, waliokuwa wamelia vizuri tangu asubuhi, wakaanza kutikisika mabega kwa sababu nyingine. Hata mjane aliuma kitambaa. Joram akamaliza shughuli ile kwa sauti ndogo, na hakuna aliyekumbuka kumshukuru.

Nyumbani alikaa kwenye kiti chake bila kuwasha redio.

"Mniambie nyinyi," alisema. "Mama anaingia. Mama! Nifanye nini? Nimpe mgongo?"

"Ungempa mgongo," Dorca alisema, pini mdomoni, mashine ikinguruma.

"Yawa! Dorca! Maro nimpe mgongo?"

"Baba Sheryl, ukiwa na bunduki, huna maro. Huna pasta. Huna rais. Una ukuta tu mbele yako."

"Hiyo wewe unasema sababu ni mama yako. Ningempa mgongo, kesho mngeniita mshenzi."

"Na leo tunakuita nini?"

Joram akainuka kitini. Akampigia simu Bi Zuleha, akamwomba, kwa Kiswahili chake cha harusi, kwamba Jumamosi ijayo, katika nafasi ya pili ambayo klabu humpa kila aliyeanguka, mlango wa nyuma ufungwe kwa kufuli hadi amalize.

"Haiwezekani, Baba Sheryl," Bi Zuleha alijibu. "Huko Nairobi watu wataingia na kutoka, watapiga makofi, watapiga picha. Mimi sipimi kama unajua kusimama mahali pasipo na watu. Na nafasi hii ni ya mwisho. Ukianguka, Sheryl atabaki, na nafasi yake nitampa mwenzake."

Alisema bila ukali, na hapo ndipo ilipouma. Joram alizoea watu wakali, kwa sababu hao mtu huweza kuwapigia domo.

*

Mafunzo yalianza jioni ile ile. Bunduki za klabu hazitoki klabuni, hufungiwa kabatini na ufunguo hukaa na Bi Zuleha. Kwa hiyo Sheryl alikata mpini wa fagio, akamkabidhi baba yake katikati ya sebule, kati ya makochi na marundo ya sare za buluu.

"Hii ni bunduki," alisema.

"Hii ni fagio."

"Baba."

"Hii ni bunduki."

"Ina risasi?"

Joram akaukagua mpini huku na huku. "Haina."

"Umeanguka. Kila bunduki ina risasi mpaka uifungue uone mwenyewe. Na ukishaona haina, bado unaishika kama inayo. Kidole?"

"Kidole kiko hapa."

"Hapo ndipo triga ilipo, Baba. Kidole kinalala pembeni. Kinaingia wakati unalenga tu, basi. Sasa nageuka, nakuita. Baba! Kuna mgeni!"

Joram akageuka. Mpini ukaangusha kalenda ya kanisa, birika, na mkono mmoja wa sweta.

"Umeua kanisa," Dorca alisema.

Siku zilizofuata nyumba ile iliendeshwa kijeshi. Joram hakuweza kuvuka kizingiti na mwiko bila kuulizwa umeelekea wapi. Alipopitisha chapati mezani kwa uma, Sheryl alipaza sauti, "Acha!", na chapati ikabidi irudi sahanini, ikafunguliwa, ikathibitishwa tupu. Dorca, ambaye alijidai hana habari na mambo hayo, alikuwa akimvizia mumewe mlangoni akiiga sauti ya mama yake akiamkia watu kwa Kijaluo: "Oyawore uru!" Mara ya kwanza Joram aligeuka mzima mzima. Mara ya pili aligeuza kichwa. Mara ya tatu aligeuza macho peke yake, na jasho likamshuka kana kwamba ameinua gunia.

Kicheko kilikuwa kingi. Majirani walianza kuja kutazama, na Sydney alileta kiti chake mwenyewe. Lakini Alhamisi, Joram alipokuwa ameuegemea mpini wake mlangoni akiwachekesha watu kwa namna yule mhasibu alivyotoka chini ya meza, Sheryl alikusanya sare alizokuwa akizishonea vifungo akaingia chumbani.

Joram akamfuata. Kwa mara ya kwanza wiki ile, aliuacha mpini nje.

"Nyathina, mwanangu, nimefanya nini tena?"

"Hakuna."

"Sema."

Sheryl alikunja sketi, akaikunjua. "Kila mtu anacheka. Mimi pia nimecheka. Lakini mimi nilikuwa nimelala pale chini, Baba. Nilikuwa naona viatu vyako na ule mtutu ukipita juu yangu. Kidole chako kilikuwa ndani."

"Si ni bunduki ya upepo tu? Haiwezi..."

"Inatoa jicho. Mwalimu alituonyesha. Inapita hivi, mtu haoni tena." Akaikunja tena ile sketi. "Sikuliogopea sana jicho langu. Nilikuogopea wewe. Ungenipiga, ungekaaje baadaye? Ungeshika kipaza sauti tena?"

Joram, MC wa watu elfu mbili, alikaa kwenye ukingo wa kitanda. Kutoka sebuleni wakasikika Sydney na wenzake wakiulizana kama onyesho limekwisha.

"Sikugeuka kwa kukudharau," alisema hatimaye.

"Najua. Uligeuka kwa adabu. Na adabu nayo ingenitoa jicho."

Joram akatoka, akawaambia watu waende kwao wakapike. Halafu akauchukua mpini, akauelekeza ukutani, akakilaza kidole pembeni.

"Niite," akamwambia Dorca. "Niite na sauti ya mama. Na usinionee huruma."

*

Dorca alimpigia mama yake simu, akamsihi Jumamosi asije ghalani. Mama Atieno alikubali mara moja, na kukubali mara moja hakukuwa desturi yake. Jambo hilo lingepaswa kumtia Dorca wasiwasi.

Ukweli ni kwamba bibi huyu alikuwa ameshaelezwa na jirani kwa nini wale watoto wenye adabu walilala chini. Alikuwa ameshasikia kwamba mkwewe ameanguka mtihani kwa ajili yake, na kwamba mjukuu wake huenda akabaki. Hakulala vizuri. Akaamua kwamba atakwenda mwenyewe, amsogelee mkwe, amwambie kwa mdomo wake kwamba siku ile hahitaji kuinamiwa. Na ili asiwasumbue watu kama mara ya kwanza, asipite mlango wa nyuma waliko wazazi.

Apite wapi? Hapo ndipo ujuzi unapokuwa msiba. Mama Atieno alilima mpunga miaka yote, na zamani magunia yake yalipokelewa katika ghala lile lile, kupitia mlango mdogo wa bati ulio upande wa pili, karibu na ukuta ambao leo umejaa shabaha. Klabu iliamini mlango ule umekufa. Ulikuwa na kitasa kilichoshikana kwa kutu, na Bi Zuleha mwenyewe aliwahi kuusukuma ukagoma. Lakini wakulima wa Kano walijua kwamba ukiunyanyua kidogo kwa bega, halafu ukaupiga teke chini, unafunguka kama kabati.

Ghalani siku hiyo palikuwa kimya. Joram alisimama nafasi ya mwisho kabisa, kando ya Sheryl aliyekuwa akifanya mazoezi pamoja na vijana wengine wawili. Dorca, aliyefunga cherehani kwa saa chache za asubuhi, aliketi na wazazi, akisokota kitambaa. Yule mhasibu alikuwepo pia. Alikuwa amekwishakaa sakafuni, ili kuokoa muda.

"Pakia."

Joram akapakia. Mtutu ukutani, kidole pembeni.

"Anza."

Vijana wakaanza, tap, tap, karatasi zikitoboka. Bi Zuleha alikuwa ameinama kurekebisha miguu ya kijana wa nafasi ya kwanza. Joram akanyanyua bunduki, akaegemeza shavu, akatafuta duara jeusi. Pembeni mwa duara akaona bati la ukutani likinyanyuka kidogo. Likapigwa teke. Kisha mwanga, na katikati ya mwanga huo kitenge chekundu alichokifahamu kuliko bendera ya nchi.

Mama Atieno aliingia moja kwa moja mbele ya shabaha, mkono umeshanyooshwa kusalimia.

"ACHA!"

Mazishi ya Kano huwa na watu wengi na jenereta mbovu, na sauti ya Joram ilikomaa huko. Ilipiga mabati ya paa ikarudi. Shomoro waliokuwa na makazi ya kudumu juu ya mihimili walihama wote. Vijana watatu wakatoa vidole kwenye triga kwa mpigo mmoja. Mitutu ikashuka kwenye masanduku ya mchanga yaliyowekwa mbele ya kila mlengaji kwa kazi hiyo, na mtutu wa Joram ukiwa wa kwanza.

"Ni mimi tu," Mama Atieno alisema, akipiga hatua. "Usijisumbue, baba, nimekuja kukwambia..."

"Mama, simama hapo hapo! Usisogee! Hata mguu!"

Dorca alifunika uso kwa kitambaa. Yule mhasibu, ambaye mkewe anatoka Ahero na anajua mambo, alinong'ona, "Wuololo, ameua." Mwanamume wa Kijaluo alikuwa amempigia kelele mama wa mkewe mbele za watu, na si mara moja. Na alikuwa hajainama. Macho yake yalikuwa kwenye mchanga mbele ya mtutu wake, na shingo imemkakamaa kama ya jogoo aliyepigwa picha.

Mama Atieno alisimama. Mkono wake ulibaki umenyooka hewani.

"Mpungie mwalimu mkono, Sheryl," Joram alisema taratibu, bila kugeuka. "Mwambie kuna mtu mbele."

"Nimemwona," Bi Zuleha alijibu. Sauti yake, kwa mara ya kwanza tangu klabu ianzishwe, ilitetemeka. "Kila mtu abaki hivyo hivyo. Nitakuja kwa mmoja mmoja."

Akaanza na Sheryl, akamalizia na Joram. Risasi zikafyatuliwa mchangani, bunduki zikafunguliwa, na katika kila mtutu ikapitishwa kamba ya plastiki ya rangi ya chungwa inayomwonyesha kila mtu kwamba ndani hamna kitu. Joram alifungua yake, akatazama, akamwonyesha mwalimu, akatazama tena, akapitisha kamba, akailaza mezani, akarudi nyuma ya mstari. Akakaa chini palepale, kando ya mhasibu, aliyempisha nafasi.

Bi Zuleha alikwenda kuushika mlango wa bati, akaufunga, akaufungua, akaufunga. Alirudi uso umempauka.

"Leo kuna mtu ameanguka mtihani," alisema mbele ya wote. "Ni mimi. Mlango ule niliusukuma mara moja nikaridhika. Hakuna atakayelenga humu tena mpaka uchomelewe." Akamgeukia Joram. "Wewe umefaulu, Baba Sheryl. Na nikuambie, wapo walengaji wa miaka mingi ambao wangesema kwanza 'samahani'."

Sheryl aliruka. Alimwangukia baba yake pale sakafuni, wote wawili wakagongana na mhasibu, na Dorca akapiga vigelegele vilivyowazuia wale shomoro kurudi.

Lakini Joram hakuwa anacheka. Alikuwa akimtazama, kwa pembe ya jicho, mwanamke mmoja mwenye kitenge chekundu, aliyesindikizwa hadi kwenye viti na kuketi bila kusema lolote.

*

Chakula cha mchana kiliandaliwa nje, kwenye kivuli cha ghala. Dorca alikuwa amebeba samaki wa kukaanga, ugali na mboga ya osuga, kiasi cha kutosha kusherehekea au kuomboleza. Mama Atieno aliketi kwenye kiti cha heshima. Watu walizungumza juu ya mvua.

Joram alichukua sahani yake akazunguka nyuma ya ukuta. Mwanamume hali mbele ya mama mkwe wake, hilo hata wazazi wa mjini wanalijua, na siku hiyo hakuwa na ujasiri wa kuongeza kosa jingine. Alichuchumaa kando ya pipa la maji ya mvua, akavunja tonge, akawaza ni mbuzi wangapi na wazee wangapi watahitajika kulirekebisha jambo hili.

"Yuko wapi?" sauti ya Mama Atieno ikasikika.

Watu wakatazama sahani zao.

"Dorca. Mume wako yuko wapi?"

"Yuko nyuma, Mama. Anakula."

"Amejificha?"

"Ndiyo, Mama. Kwa heshima."

Kiti kikalia. Nyayo zikazunguka ukuta. Joram alisimama haraka, tonge likiwa nusu njia, akainama mpaka samaki akaanza kuteleza sahanini.

Mama Atieno alimtazama kwa muda mrefu. Kisha mabega yake yakaanza kutikisika, na kicheko alichokuwa amekikalia tangu asubuhi kikamtoka chote, akashika ukuta asianguke.

"Miaka yote hii," alisema akifuta machozi, "nilimwambia baba yake Dorca kwamba mtoto wetu ameolewa na mtu asiye na sauti! Tulikuwa tunakuombea kanisani!"

"Mama, nisamehe, mimi..."

"Nyamaza. Wewe umenipigia kelele mbele ya mwalimu, ndege wakahama, halafu unaona aibu ya samaki?" Akamshika mkono wa sahani, akamvuta kuelekea kivulini walikokuwa watu. "Njoo ukae hapa nikuone. Mtu anayempeleka mjukuu wangu Nairobi hawezi kwenda na njaa."

Viti vikasogezwa. Joram akaketi mkabala na maro wake, goti kwa goti, kitu ambacho wazee wa Kano wangehitaji kikao kukieleza. Sheryl alikuwa amejiziba mdomo. Bi Zuleha alijifanya anatafuta chumvi.

"Kula," Mama Atieno akaamuru.

Joram akala. Alitafuna taratibu, mgongo umenyooka, macho kwenye ugali, kama mtu anayefanya mtihani wa tatu bila kupewa muda wa kusoma.

"Na mfupa huo," mama mkwe wake alisema, akimmegea kipande kingine cha samaki na kukiweka kwenye sahani yake, "uelekeze ukutani."